Uzinduzi wa Kituo cha Kunasa Sauti za Wazee

Mheshimiwa Makamu Mkuu wa Chuo, uliyewakilishwa na naibu wako, aliyewakilishwa na katibu muhtasi wake; waheshimiwa wakuu wa vitivo; wasomi wa isimu mliokaa kulia na wasomi wa fasihi mliokaa kushoto ili msisalimiane; wanafunzi wapendwa mlioahidiwa soda; na wewe, Bibi wa kiti cha mbele, uliyeletwa na mjukuu wako wa mwaka wa tatu ili tunase nyimbo zako za kusagia nafaka, ambazo wenzako wote waliozijua wameshazikwa: itifaki imezingatiwa. (Makofi.)

(Bibi: "Mzee mwenzangu, niimbe sasa? Miguu imevimba.")

Subiri kidogo, Bibi, kuna utaratibu.

Nikiwa Mkuu wa Idara mstaafu, mlezi wa maisha wa mradi huu, na mgonjwa aliyekatazwa na daktari kusimama, nasimama mbele yenu kutamka kwamba Kituo hiki, kilichopo nyuma ya mlango huu wenye utepe mwekundu, ni tunda la mchakato shirikishi, jumuishi na endelevu, ulioanza kwa upembuzi yakinifu, ukafuatiwa na upembuzi wa upembuzi huo, warsha ya wadau, kongamano la kuitathmini warsha, na ziara yangu ya mafunzo ughaibuni, ambako nilizikuta mashine za kunasia sauti, nikapiga nazo picha. (Vifijo.) Utekelezaji umefikia asilimia tisini na nane, na hizo mbili zilizosalia ni changamoto ndogondogo za kimiundombinu.

(Fundi mitambo, kwa mnong'ono: "Mzee, betri ya maiki inaisha.")

Nimekusikia, fundi. Kituo kitakuwa na kanzidata ya kidijitali, ambamo watu wa isimu watapima ulimi wa Bibi ulikuwa wapi alipoimba, na watu wa fasihi watapima huzuni yake, japo hakuna atakayemuuliza kama alikuwa na huzuni. Tumeandika makala mia mbili kuhusu nyimbo hizi. Mimi mwenyewe zimenipa uprofesa. Na katika ukumbi huu mzima, ukimtoa mjukuu, hakuna msomi aliyewahi kuzisikia. (Kicheko. Katibu muhtasi hacheki.)

(Bibi: "Si uninyamazie basi uzisikie!")

(Mjukuu: "Profesa, fungua mlango! Shoga yake Bibi alifariki mwaka jana akisubiri mlango huo huo!")

Mjukuu wangu, hoja yako ni nzito na itaundiwa kamati. (Zomeazomea.) Haya, basi. Kamati nazo zife. Nipeni mkasi.

(Utepe unakatwa. Mlango unafunguka. Mifagio miwili na ndoo vinaanguka nje. Upande wa isimu na upande wa fasihi wanatazamana kwa mara ya kwanza.)

Tuseme kwa pamoja: Sauti za wazee! ("Zinaswe!") Kwa mashine zipi? (Macho yote kwenye ndoo.)

Nafunga kwa shukrani. Namshukuru mkandarasi ambaye hatukumwita, mhandisi ambaye hatukumwajiri, na mashine ambazo hazikuvuka mpaka isipokuwa ndani ya picha zangu. Naishukuru mifagio hii, watumishi pekee wa Kituo waliokuwa kazini muda wote. Kituo hakikuwahi kuwepo, ndugu zangu. Kilichokuwepo ni mimi, nikikizungumzia, kila mwaka, kwa sauti nzuri.

Fundi anasema kompyuta yake, aliyozoea kwenda nayo kwenye harusi, inanasa kila kinachopita kwenye maiki hii. Maana yake mpaka dakika hii sauti pekee ya mzee iliyohifadhiwa na chuo hiki ni upuuzi wangu. Sitaki kuingia kaburini nikijua hivyo.

Bibi, shika maiki. Anzia mwanzo, usifupishe. (Katibu muhtasi anatazama saa.) Na asikukatize mtu kwa itifaki.

Betri imebaki kidogo. Mimi vilevile.