Yah: Kompyuta ya Mezani na Swali Lisilopaswa Kuulizwa Nyumbani

Kumb. Na. NYUMBANI/KOMP/01

Ndugu Mhariri,

Pokea salamu za heshima kutoka kwa msomaji wako wa miaka ishirini na sita, ambaye hakukulalamikia hata siku ile mlipochapisha fumbo la maneno pamoja na majibu ya fumbo jingine.

Mimi ni karani mstaafu wa masjala. Kwa miaka thelathini na mmoja nilipokea, nilisajili na kujibu barua za ofisi, na tangu nistaafu nimeendelea kutoa huduma hiyo hiyo nyumbani kwangu bila kuombwa. Hakuna barua iliyotoka katika nyumba hii, iwe ya rambirambi, ya mwalimu mkuu au ya kumkaripia fundi bomba, ambayo haikupita mezani kwangu ikanyooshwa, ikapewa namba ya kumbukumbu, na nakala yake ikaingia jaladani. Watu wa nyumbani husema wanachotaka. Mimi huandika wanachopaswa kutaka.

Tuliishi hivyo kwa amani mpaka Jumapili ya wiki mbili zilizopita, gazeti lako lilipotoa makala ya huyo mnayemwita Mtaalamu wa Kompyuta, kuhusu namna ya kuchagua kompyuta mpya ya mezani kwa matumizi ya nyumbani. Binti yangu alikuwa ameanza kuisemasema hiyo kompyuta, mama yake akawa anaitikia, nami nikaona ni busara nipate neno la mtu mzima mwenzangu. Nanukuu: "Usiingie dukani kabla hujawauliza watu wa nyumbani kwako wataitumia kwa kazi gani. Majibu yao ndiyo yatakayokuchagulia kompyuta." Mwisho wa kunukuu. Kidogo uwe mwisho wangu pia.

Malalamiko yangu ni haya yafuatayo:

1. Kwamba ushauri huo ulieleweka.

Nimesoma kurasa zenu za ushauri tangu zilipoanza. Nimesoma namna ya kupunguza unene, namna ya kufuga samaki kwenye tangi na namna ya kuishi na bosi mkorofi, na sikuwahi kuelewa kitu, kwa hiyo hakuna aliyedhurika. Safari hii Mtaalamu wenu kaandika sentensi fupi, nyepesi, ambazo hata mtu mwenye haraka anaweza kuzifuata. Huo ni uzembe. Mtu anayeandika wazi namna hiyo hana budi kubeba lawama ya yatakayowapata watu wakimsikiliza.

2. Kwamba niliufuata.

Nilitayarisha fomu yenye safu nne: Jina, Uhusiano, Kazi Itakayofanywa na Kompyuta, na Maoni ya Mwenye Nyumba. Niliibandika kwenye mlango wa jokofu, mahali ambapo kila mtu hufika hata kama hana njaa. Nakiri nilikuwa na hesabu zangu. Nilitarajia wataandika michezo, muziki na kutazama video za paka, nami kwenye safu ya mwisho niandike "Haina tija", tufunge mjadala, tuendelee na maisha. Wahenga walituambia kuuliza si ujinga. Hawakutuambia kwamba kujibiwa ni salama.

3. Kwamba binti yangu alijibu.

Mtoto huyu alimaliza chuo mwaka juzi na anatafuta kazi. Barua zake zote za maombi, arobaini na tatu mpaka leo, nimeziandika mimi. Huanza kwa kumjulia hali mkurugenzi na familia yake, hueleza historia ya ukoo wetu kwa kifupi, aya nane tu, na hufika kwenye kazi yenyewe msomaji akiwa ameshatuzoea. Sikatai kwamba majibu yamekuwa haba. Lakini mkurugenzi mmoja alipiga simu, akaniulizia mimi, akitaka kujua kama mgongo wangu umepona. Je, hiyo si dalili kwamba barua ilisomwa?

Pamoja na yote hayo, mtoto niliyemlea kwa mikono yangu kaandika kwenye fomu: "Barua zangu za kazi, niandike mwenyewe." Na kwenye safu ya maoni, ambayo ni yangu, kaongeza: "Baba, tafadhali, usiisahihishe hii." Mikato hiyo miwili ni ya kwangu. Yeye hakuweka hata mmoja.

4. Kwamba hata mama yangu mzazi alijibu.

Mama ana miaka themanini na mmoja, anaishi nasi, na hajawahi kushika kalamu isipokuwa kumchapia mtu vidole. Nilimruka kwenye fomu kwa nia njema. Yeye akamwita mjukuu wake, akamwambia andika: "Wasifu wangu wa siku nikifa. Uwe ukurasa mmoja, nausema mwenyewe, mtoto anapiga chapa."

Itabidi nieleze. Kwenye mazishi ya baba nilisoma wasifu niliouandaa, kurasa ishirini na sita. Tulianza watu wote wakiwa kivulini. Nilipofika kwenye maisha yake ya shule ya msingi, kivuli kilikuwa kimehamia upande wa pili wa uzio, na wawili kati ya waombolezaji wakaanguka. Nilidhani ni majonzi. Mama anasema lilikuwa jua, na kwamba baba, aliyekuwa mtu wa kucheka, alizikwa kama faili. Maneno hayo yaliniuma, maana wasifu wake yeye nimekuwa nikiukusanya tangu akiwa na miaka sabini. Nina kurasa thelathini tayari, na bado hajafika kuolewa.

5. Kwamba niliaibishwa dukani.

Kwa kuwa Mtaalamu wenu kasema majibu yatanichagulia kompyuta, nilikwenda duka la kompyuta na fomu yangu mfukoni. Muuzaji, dada mmoja mwenye subira, akanionyesha za bei ya juu, za kati na za chini, akanieleza kasi ya hii na ukubwa wa kioo cha ile. Nikamwambia hayo ni mapambo. Nikampa masharti yangu kwa maandishi: iwe haina kibodi, au kama ni lazima iwe nayo, ifungwe kwa ufunguo nitakaokaa nao, kila barua kabla ya kutoka ipite kwa mwenye nyumba, ikiona salamu ni fupi, iongeze yenyewe, na itunze nakala bila kuulizwa.

Alisoma mpaka mwisho, jambo ambalo nalishukuru. Kisha akasema, kwa upole kabisa: "Mzee wangu, hiyo unayoitafuta si kompyuta. Hiyo ni wewe."

Niliichukua kuwa ni pongezi. Nilikuwa nimeshafika nyumbani na kuvua viatu nilipoanza kuitilia shaka.

6. Kwamba mke wangu naye alijibu.

Hili nililipanga liwe namba tatu, nikalisogeza likawa la tano, na sasa sina pa kulisogezea.

Miaka tisa iliyopita mke wangu alikosana na dada yake mkubwa kwa ajili ya cherehani ya marehemu mama yao. Katika hasira akamwita dada yake mwizi mbele za watu. Wiki haikuisha, akaja mezani kwangu macho yamemvimba, akaniambia: "Niandikie kwa dada. Mwambie nimekosa, anisamehe, aje." Hayo ndiyo maelekezo yote niliyopewa, Ndugu Mhariri. Hata risiti ya sukari ina maneno mengi kuliko hayo. Mimi nikaona ombi la radhi lisilo na usuli haliheshimiki, nikaandika usuli. Usuli ukadai mazingira, na mazingira yakadai kutajwa, kwa haki na kwa mpangilio, makosa kumi na moja ya dada mtu. Radhi yenyewe ilikuwemo, asikudanganye mtu. Ilikuwa ukurasa wa tatu, kifungu cha kumi na mbili. Nilimpa mke wangu karatasi ya mwisho akatia sahihi, kama tulivyozoea.

Shemeji hakujibu. Nadhani hakufika ukurasa wa tatu. Kwa miaka tisa mke wangu ameamini kwamba aliomba radhi akanyimwa, nami sikuona sababu ya kumsumbua na nakala.

Sasa, Mtaalamu wenu kaandika pia kwamba kompyuta ya mezani inahitaji meza imara, iliyo karibu na soketi, isiyo na vumbi. Katika nyumba hii meza ya namna hiyo ni moja, nayo ni yangu. Jumatano iliyopita mke wangu alikwenda kuipima kwa futi, akatoa droo zisimzuie, na katika droo ya pili akakuta jalada. Alilisoma akiwa amesimama. Alipomaliza alilirudisha palepale, karatasi zikiwa kwenye mpangilio wake, jambo lililonitisha kuliko kama angenirushia. Kisha akaenda kwenye jokofu, akajaza fomu: "Kumwandikia dada."

Tangu siku hiyo ananipakulia chakula, ananiitikia salamu, na hapo ndipo mazungumzo yetu yanapokoma. Nimemwandikia barua mbili za ufafanuzi. Zote zipo juu ya kabati lake, hazijafunguliwa. Yaani katika maisha yangu yote ya kazi sijawahi kuandika barua isiyofunguliwa, na imenibidi nije kuipata chumbani kwangu.

Kutokana na maelezo hayo, nadai yafuatayo:

(a) Mtaalamu wenu achapishe masahihisho, ukurasa wa mbele, akieleza kwamba swali lake linapaswa kuulizwa kwa mtu mmoja tu katika kila nyumba, na mtu huyo awe mwenye meza.

(b) Aje hapa nyumbani, kwa gharama zenu, awaulize upya watu wangu swali jingine, refu zaidi na lisiloeleweka, ili nao wajibu ovyo kama watu wa kawaida.

(c) Gazeti lako liishawishi serikali ipige marufuku uuzaji wa kibodi kwa mtu yeyote asiye na uzoefu wa masjala wa angalau miaka kumi. Na ndugu wa tumbo moja wasiruhusiwe kuandikiana moja kwa moja bila karani kati yao. Watu wakianza kusemezana hivi hivi, leo radhi, kesho mapenzi, nchi itaongozwa na nani?

(d) Fidia. Fedha sitaki. Nataka mke wangu afungue mojawapo ya zile barua mbili, hata ile fupi.

Nisalimie wote hapo ofisini: wahariri wasaidizi, wapiga chapa, mlinzi wa getini atakayeipokea bahasha hii na mfagiaji atakayeiokota. Msalimie hata huyo Mtaalamu, ila kwa ufupi, maana ndivyo apendavyo.

Ndimi msomaji wako, niliyefuata ushauri na kupatikana,

Karani Mstaafu wa Masjala,
Mwandishi wa Barua Zote za Nyumba Hii (hadi itakapotangazwa vinginevyo).

Nakala: Jalada.

Tanbihi: Barua hii ilikaa siku tano ikingoja stempu, na katika siku hizo mambo yamenipita. Mke wangu hakungoja kompyuta. Alikwenda steshenari ya pale kona, akaomba kiti, akapiga barua yake kwa kidole kimoja. Jana dada yake alipiga simu. Mke wangu alizungumza naye jikoni mlango ukiwa umefungwa. Maneno sikuyapata, ila alilia sana, halafu akacheka, halafu nikasikia sufuria inaungua na hakuna aliyejali. Shemeji anakuja mwisho wa mwezi.

Nakala ya barua yake mke wangu aliniwekea mezani, nadhani kwa ajili ya jalada. Nainukuu yote: "Dada, nilikuita mwizi mbele za watu. Nilikosa. Cherehani ni yako, mama alikupa wewe na mimi nilijua. Njoo, mwanao amemaliza chuo na hujamwona."

Nimekaa nayo asubuhi nzima na kalamu nyekundu. Sikupata pa kugusa. Na mimi hakunitaja popote, Ndugu Mhariri. Angeweza kuandika aya nzima juu yangu, na kila neno lingekuwa kweli.

Kwa hiyo yafute malalamiko yote, moja mpaka sita, pamoja na madai yake. Mtaalamu yuko sahihi. Meza nimeshaiondolea vitu vyangu. Ninachoomba ni anishauri kompyuta itakayotosha watu wanne, maana nami leo nimejaza fomu. Nataka kumwandikia shemeji, kabla hajafika, kwamba ile barua ya miaka tisa iliyopita niliitunga mimi, na mdogo wake alitia sahihi tu. Nimeijaribu kwa mkono mara saba. Kila nikianza, inatoka na namba.