Kapeti ya Matabaka Matatu

Jumatatu, 3 Machi 2025

Siku ya kihistoria! Naiandika ili wajukuu wasije wakabishana. Leo mimi Ochwo, mkurugenzi wa Osukuru Kapeti (karakana iko nyuma ya nyumba yangu, baada ya banda la kuku), nimekabidhiwa sakafu nzima ya kanisa jipya la Mella. Linafunguliwa Jumapili hii. Pasta Phillip alinipigia simu mwenyewe. Alisema waumini wamechoka kupiga magoti kwenye saruji. Nikamwambia mateso ya magoti ya Mella yamefika mwisho. Akacheka. Mtu akipata tumaini hucheka.

Mke wangu Nasirumbi aliuliza kama nimewahi kutengeneza kapeti hata moja. Nikamkumbusha kwamba Nuhu naye hakuwa amewahi kutengeneza safina. Akasema Nuhu alipewa vipimo.

Mkurugenzi habishani jikoni.

Jumanne, 4 Machi

Upelelezi. Nimekwenda Busia, kwa Okochi. Huyu ni wa ukoo wa mke wangu, wa kule Bulumbi, kwa hiyo huniita mulamu, yaani shemeji. Ana kiwanda kidogo cha kapeti za vipande. Vipande vya mraba, unavipanga sakafuni kimoja kimoja. Anayemsifu Okochi kila siku nyumbani kwangu ni mke wangu.

Nilivaa miwani myeusi na kofia ya marehemu baba ili nisijulikane. Nilikuwa bado getini niliposikia Okochi akiita, "Karibu mulamu! Macho yanauma?"

Nikasema yanauma.

Alinionyesha kila kitu. Kipande kina matabaka matatu: juu uso wa nyuzi, katikati kitambaa kigumu, chini mpira. Gundi inapakwa nyembamba. Halafu unapitisha rola nzito kutoa hewa. Halafu unakandamiza chini ya uzito siku mbili nzima, bila kugusa. Alirudia hilo la siku mbili mara tatu. Akanipa chai na maandazi manne.

Nimewaza njia nzima ya kurudi. Mtu asiyekuficha kitu, kuna kitu anakuficha. Siku mbili! Ni wazi anataka kuwachelewesha wapinzani.

Alhamisi, 6 Machi

Uzalishaji umeanza. Uso: kapeti za mitumba kutoka soko la Tororo, nimezikata mraba mraba. Katikati: magunia ya mahindi. Chini ndipo akili ilipohitajika, maana mpira sina. Lakini jirani ana pipa la lami lililobaki alipoziba paa lake. Mpira ni mweusi. Lami ni nyeusi. Nani atainama kuchungulia?

Nimeichemsha, nikaongeza vumbi jeupe la mawe ya chokaa ili iwe nzito, nikaipaka kwa ubao. Nimekandamiza kwa mawe. Saa mbili kila fungu, si siku mbili. Mawe yenyewe ni kumi na moja tu, na yanahitajika kwa fungu linalofuata.

Mchana nilivipanga vipande uani nione rangi. Hapo, naandika bila majivuno, nilijishangaa. Nyekundu iliyoiva kwa upande wa madhabahu, kisha rangi ya udongo, kisha kijani kinachofifia hadi mlangoni, kama mtu anayeshuka kutoka kilimani kuingia shambani. Nasirumbi alitoka na ungo wa karanga, akasimama. Akasema, "Baba Babra, hii ni nzuri."

Miaka kumi na tisa ya ndoa! Nimeandika saa aliyosema: saa tisa na dakika kumi.

Kisha akauliza mbona inanuka kama barabara.

Ijumaa, 7 Machi

Jaribio la ubora limefanyika lenyewe. Mchana niliacha kipande kimoja juani. Kuku wa Nasirumbi, yule mtetea mwekundu, alipita juu yake na hakuendelea. Alinasa miguu yote miwili. Ilibidi tumpake mafuta ya kupikia ndipo akatoka, na manyoya kadhaa yamebaki.

Nasirumbi alisema hiyo ni ishara. Nami nasema hivyo hivyo. Kuku mzima, mwenye nguvu, ameshindwa kujing'oa! Sijui kama gundi ya Okochi imewahi kushika hata kifaranga.

Jumamosi, 8 Machi

Tumetandika. Mvua ilinyesha tangu alfajiri, kukawa na baridi, na kila kipande kilikaa mahali pake kama askari. Taaka, mwenyekiti wa akina mama wa kanisa, alivua viatu akatembea kutoka mlangoni hadi madhabahuni na kurudi. Mama yule hasifu kitu. Mwaka jana aliwarudisha mafundi wa madirisha mara nne. Leo alishika kifua akasema hajawahi kukanyaga kitu kizuri hivi, na kwamba kesho atavaa gomesi yake mpya, gauni refu la hariri, aliloliwekea akiba tangu Krismasi ya mwaka juzi.

Nikamwambia aivae. Nikamwambia hata kanisa limevaa.

Nasirumbi aliniita pembeni akanisihi nijaribu kwanza kapeti kwenye joto. Alinikumbusha kuku. Nilimweleza kwa upole kwamba kuku alikuwa juani, na kanisa lina paa.

Paa ni la mabati mapya. Yanang'aa kweli.

Jumapili, 9 Machi

Naandika hili kwa sababu mtu mkweli huandika yote.

Asubuhi ilikuwa utukufu mtupu. Watu walijaa hadi nje. Pasta Phillip alinisimamisha, akataja jina langu kwenye kipaza sauti, wakapiga makofi. Nilipunga mkono mara mbili. Okochi alikuwepo, Nasirumbi alimwalika bila kuniambia. Okochi alikuwa anaangalia rangi, si mimi. Kisha akainama, akakuna ukingo wa kipande kimoja kwa ukucha. Alinitazama. Nikatazama mabati.

Hakuna wingu hata moja. Kufikia saa tano mabati yalikuwa yanalia kwa joto. Kufikia saa sita kulikuwa na harufu.

Kwaya iliporuka ndipo mambo yalipoanza. Waliruka, wakashuka, na waliporuka tena vipande vingine viliruka nao. Msichana wa sauti ya kwanza alicheza wimbo mzima akiwa na kipande chekundu miguuni. Watu walidhani ni mtindo. Wakashangilia.

Kisha Pasta akasema tupige magoti. Watu mia tatu wakapiga magoti. Akaomba kwa muda mrefu sana. Akasema amina. Hakuna aliyesimama.

Pasta akasema amina tena. Wakaitikia, lakini hapohapo chini. Akaanza kulia kwa furaha, akasema Roho amewashika watu wake, akaongeza maombi mengine. Taaka ndiye aliyeyakatiza. Alisimama kwa nguvu zake zote, na gomesi ikasema "praaa." Tangu goti hadi pindoni ilibaki sakafuni. Lami ilikuwa imepenya gunia, imepenya nyuzi, imefika juu.

Hakupiga kelele. Afadhali angepiga kelele. Alikiokota kile kitambaa cha hariri, akajaribu kukifuta kwa kiganja, na kiganja nacho kikawa cheusi.

Nilitoka kwa mlango wa nyuma. Nilikaa chini ya ukuta, nikafikiria kuhamia ng'ambo ya mpaka, upande wa Kenya. Nilipochungulia dirishani niliona mke wangu. Alikuwa ametwaa dumu la mafuta ya pilau jikoni mwa kanisa, anakwenda kwa magoti kutoka mtu hadi mtu, anapaka, anafuta, anaomba radhi kwa jina langu. "Mume wangu hakukusudia. Samahani mama. Leta mguu mzee. Hakukusudia."

Nikarudi ndani. Nilichukua kitambaa, nikaanza na viatu vya Taaka.

Pilau haikupikwa.

Jumatano, 12 Machi

Siku ya tatu nakwangua lami kwenye sakafu ya Mella. Ni masharti ya Pasta, na ni haki, ingawa mgongo haukubaliani. Jumatatu Okochi alifika kutoka Busia na vikwangulio viwili. Hakuitwa. Alikunja suruali, akapiga magoti upande wa pili, akaanza kukwangua.

Nilimwambia kama amekuja kucheka, acheke.

"Mulamu," akasema, "mimi nimekuja na vipande vyangu vya kutandika hapa. Vina dosari ndogo, siwezi kuviuza, lakini vinashika. Ila mimi sijui kupanga rangi. Kwangu kila chumba kinatoka kama kituo cha polisi. Wewe utapanga."

Nikakwangua.

Jioni hii tumemaliza. Nimepanga upya kilima na shamba kwa vipande vya Okochi, na ni bora kuliko mara ya kwanza. Taaka alikuja kuangalia. Gomesi amemkabidhi Nasirumbi, naye anaitia pindo jipya. Alitembea hadi madhabahuni, akapiga goti moja kwa uangalifu mkubwa, akasubiri kidogo, akasimama. Akanitazama. Akasema, "Rangi unajua, Ochwo. Rangi tu."

Okochi anataka nianze kazi kwake Ijumaa, niwe mpangaji wa rangi. Nasirumbi alilia machozi ya furaha, akamshukuru Mungu, kisha akamshukuru Okochi. Mimi sikushukuriwa, lakini nimeelewa kinachoendelea. Mtu hamwajiri mpinzani wake mpaka amemwogopa.

Ijumaa, 14 Machi

Siku ya kwanza kiwandani Busia. Nimepewa aproni yenye mifuko miwili. Asubuhi nimepanga rangi za ofisi ya daktari wa meno, na Okochi mwenyewe ametikisa kichwa kwa kupendezwa. Wafanyakazi wananiita Mwalimu. Mmoja, lakini wengine watafuata.

Saa nane Okochi ameondoka kuchukua mpira. Amesema nikae kwenye rangi, nisiguse mashine ya kukandamiza, na pipa la gundi nisilikaribie hata kidogo. Amesema hivyo kwa heshima sana. Amerudia mara tatu.

Nimelikaribia kidogo. Kwa kweli gundi yake ni nyepesi. Inasikitisha. Mtu mzuri vile, na hakuna aliyewahi kumwambia! Nimekwenda hadi sokoni nikarudi na sukari guru, matofali sita. Kitu kinachoshika meno ya mtu mzima kitashindwaje kushika kapeti? Nimeyaponda, nimeyamimina yote, nimekoroga vizuri kwa ubao.

Pipa limeanza kufanya povu. Linapanda. Ni dalili ya nguvu.

Namsikia Okochi anafungua geti. Nimesimama kando ya pipa, aproni imefungwa vizuri, ili anikute hapa atakapotaka kunishukuru.