Mdomo Wangu na Chai ya Kipimo

Jumatatu, 4 Machi

Nimetoka nyumbani mzima, nimerudi nimevimba. Mdomo wa juu umeipita pua. Si mara ya kwanza. Wiki iliyopita ulivimba, ukanywea, ukavimba tena. Mke wangu ameuliza nimegombana na nani. Nimemwambia bado.

Maana adui yangu namjua. Ni fundi wa cherehani iliyo jirani na yangu, huyu tunayemwita Kipimo kwa kuwa hupima kitambaa mara tatu kabla ya kugusa mkasi. Kila asubuhi ananiletea chai. Nani humletea chai mshindani wake? Jumamosi tajiri wetu, mama mwenye duka, atachagua msimamizi wa duka jipya, na tumebaki wawili. Nafasi ni yangu. Nimeitolea jasho miaka yote hii. Lakini msimamizi husimama mlangoni kupokea wateja, na kwa mdomo huu watakimbia hata wenye madeni. Kikulacho ki nguoni mwako, walisema wazee, na hawakukosea.

Jumanne, 5 Machi

Mtego! Kipimo alipokwenda kuwasha pasi nilibadilisha vikombe. Nikanywa chake. Yeye akanywa changu mpaka tone la mwisho, akasifu sukari. Nikaendelea na magauni ya wapambe wa bibi harusi, pini mdomoni kama fundi yeyote mwenye akili, jicho moja kwa Kipimo. Nilingoja avimbe. Wapi. Kufika mchana nimevimba mimi.

Sasa nimemwelewa. Alijua nitabadilisha, akatia sumu kikombe chake mwenyewe. Mtu wa namna hiyo ndiye akabidhiwe duka? Nina hasira hata kalamu inatoboa karatasi.

Jumatano, 6 Machi

Mke wangu amenikokota zahanati. Daktari ni mama mmoja mpole kupita kiasi. Akauliza kama koo hubana, kama pumzi hukata. Nikasema hapana. Akataka nimtajie kila kinachoingia mdomoni mwangu. Nikataja chai, mkate, maharage, ndizi, maji, halafu nikaitaja chai tena kwa mkazo. Akasema huenda ni aleji: mwili hukutana na kitu kisicho na ubaya wowote, ukakidhania adui, ukaanzisha vita, na anayeumia ni wewe mwenyewe. Nikamjibu kwamba mwili wangu si mjinga kiasi hicho. Mimi nikipigana na mtu, ujue amenikosea. Mke wangu akatazama dari.

Nimepewa vidonge, na nirudi nikivimba tena. Nilitaka aniandikie cheti kinachotaja sumu. Amekataa. Huenda wanajuana na Kipimo.

Alhamisi, 7 Machi

Leo sikugusa chai. Wala maji ya dukani. Kipimo akaniuliza kwa sauti ya huruma kama nimefunga. Nikamwambia mtu mzima haulizwi. Kumbe hakutosheka, akampigia simu mke wangu, shemeji huku shemeji kule, akauliza kama nakula vizuri. Anakagua kazi yake!

Magauni yote yanatakiwa kesho. Nimebandika pini tangu asubuhi hadi jioni, tumbo tupu, mdomo umejaa. Kufunga duka, midomo yote miwili imevimba. Bila chai. Basi si chai, ni kiti changu; juzi alikikalia. Nimekipiga kiti teke. Sasa na kidole cha mguu kimevimba, na hilo nalo ni la Kipimo.

Ijumaa, 8 Machi

Nimerudi kwa daktari na mpango: aone uvimbe, auandike, kesho nimwoneshe tajiri. Ila nilipoingia nikaona upindo wa koti lake jeupe umefumuka nyuma. Siwezi kuvumilia upindo uliofumuka. Nikamwomba asimame, nikachomoa pini kwenye kola yangu, nikazibana midomoni kama kawaida, nikapiga goti.

Daktari aligeuka akaniinamia. Kisha akauliza pini hizo huwa nazishika hapo kwa muda gani. Nikajibu kwa meno kwamba siku nzima, tangu nijifunze kazi. Akauliza kwa nini juzi sikuzitaja. Nikamwambia pini haziingii mdomoni, zinakaa tu pale mlangoni. Akasema huenda mwili wangu umeyakataa madini ya pini hizo, niziweke kando kwanza, halafu atanipima tuwe na hakika. Mke wangu, aliyenisindikiza, alicheka mpaka akashika ukuta. Mimi damu ilinichemka. Jambo lilikuwa wazi kabisa: Kipimo ameziharibu pini zangu.

Jumamosi, 9 Machi

Tajiri amekuja. Nikasimama mbele ya mafundi wote nikasema kila kitu, toka kikombe hadi kiti hadi pini. Midomo haikukutana hata mara moja. Maneno yalitoka uji mtupu. Tajiri akaniuliza taratibu kama nimelewa.

Na nani akainuka kunitetea? Kipimo. Akasema mwenzake ni mgonjwa, apumzishwe, na kwamba kwa upindo hajaona mkono kama wangu. Tajiri akampa duka palepale, eti ndivyo msimamizi anavyotakiwa kuwa. Kazi yake ya kwanza ikawa kunivalisha mkononi kimto chekundu cha kuchomekea pini, amekishona mwenyewe, na kunimiminia chai. Nilikwenda nyuma ya duka nikalia. Nafasi ile niliitaka kweli.

Jumapili, 10 Machi

Uvimbe umepungua. Mke wangu anasema ni kwa kuwa tangu jana mchana sijashika pini, na kwamba nikamwombe Kipimo radhi, tena mbele ya mafundi wale wale. Nimemwambia mimi simwombi mtu radhi kabla ya ushahidi.

Ushahidi nautafuta sasa hivi. Kimto nimekitupa uvunguni, zawadi ya adui haivaliwi. Kopo zima la pini nimelimwaga mezani. Haiwezekani ameziharibu zote. Mtu anayepima kila kitu mara tatu atapata wapi muda? Kwa hiyo natia mdomoni moja baada ya nyingine, niipate yenye sumu. Nimefika nusu ya kopo, na mdomo wa juu umeanza kuwasha. Naikaribia.