Zamu ya Kukosea

Jumatatu, 11 Novemba

Mambo yameiva. Mwalimu Mkuu Isoda ametangaza asubuhi kwamba Ijumaa ni somo langu la wazi. Walimu wote wa shule watapanga mstari nyuma ya darasa langu la tano na madaftari yao mkononi. Mshauri wa hisabati wa mkoa, Mwalimu Amano, atakuja kwa treni. Somo likienda vizuri, Februari nitafundisha mbele ya walimu wa mkoa mzima. Likiharibika, Februari inakwenda kwa Mwalimu Hatakeyama wa chumba jirani, na mimi nakabidhiwa usafi wa banda la sungura wa shule.

Sina ugomvi na sungura. Ila mwaka jana, kwenye somo langu la wazi, niliuliza swali zuri sana, nikalijibu mwenyewe kabla mtoto hata mmoja hajashika penseli. Nilifanya hivyo mara kumi na moja. Hatakeyama alihesabu, akaisoma hesabu yake kwenye kikao cha baada ya somo kwa sauti ya upole. Upole ule ndio ulioniuma.

Lengo la shule la mwaka huu limebandikwa juu ya birika la chai: Swali la mwalimu limfikirishe mtoto. Naliona kila ninapomimina chai. Chai yenyewe hainishuki.

Jumanne, 12 Novemba

Nimeanza mazoezi. Kanuni ni moja: usijibu, uliza kwa nini.

Nilianzia nyumbani. Mke wangu Mitsue alisema supu imepoa. Nikamuuliza kwa nini anafikiri hivyo. Akasema kwa sababu nimeshinda nachezea kadi zangu za maswali wakati yeye ameshaandaa meza. Nikamuuliza kama kuna njia nyingine ya kuliangalia jambo hilo. Akasema ipo, akaiondoa supu.

Shuleni nilimuuliza Ibuki, mtoto mkimya kuliko wote, kwa nini anafikiri saba mara nane ni hamsini na sita. Akaogopa. Akafuta, akaandika hamsini na nne.

Kupitia ukutani nasikia darasa la Hatakeyama likibishana kwa raha. Nikaenda kuchungulia. Alikuwa amesimama tu na chaki mkononi, hasemi neno. Mtu analipwa mshahara kwa kusimama!

Jumatano, 13 Novemba

Nimepata dawa. Sijui kwa nini sikuiona mapema.

Somo la Ijumaa ni eneo la msambamba, yaani lile umbo linalofanana na mstatili ulioegemea upande. Wangu una kitako cha sita, upande wa mshazari wa tano, na kimo cha nne. Kosa la watoto ni lilelile miaka yote: wanazidisha upande kwa upande, sita mara tano, wanapata thelathini. Jibu sahihi wanalipata wakikata pembetatu ya upande huu na kuibandika upande ule. Hapo unakuwa mstatili: sita mara nne, ishirini na nne.

Sasa basi. Shuleni kwetu kila kitu kina zamu. Ipo zamu ya kugawa chakula, zamu ya kufuta ubao, zamu ya kupiga deki. Kwa nini kusiwe na zamu ya kukosea? Nimempa Chihaya, kwa sababu ana sauti safi na hajawahi kukosea, kwa hiyo wageni watamwamini. Nanase ana zamu ya kukata pembetatu. Ibuki hana kazi kubwa, atatikisa kichwa kuonyesha anafikiri. Mimi nitauliza maswali kutoka kwenye kadi, moja hadi tisa.

Somo la wazi halifanyiwi mazoezi na watoto. Kila mwalimu anajua hivyo. Nimewaambia ni siri ya darasa letu, wakafurahi kupindukia.

Chihaya peke yake ndiye aliyenisumbua. Aliuliza, “Mwalimu, nikikosea, nikosee kwa sababu gani?” Nikamwambia kosa halina haja ya sababu, aende akajizoeze nyumbani.

Alhamisi, 14 Novemba

Mazoezi mara tatu. Mambo yamenyooka. Ibuki alitikisa kichwa hadi miwani ikadondoka, nimemwambia apunguze. Mchana kulikuwa na kari, nikaongeza sahani. Hatakeyama aliniuliza mbona nina furaha hivyo. Nikamjibu kwa swali. Akacheka, na kicheko chake sikukipenda.

Mitsue naye ana lake. “Baba, shida yako si maswali. Shida yako ni mdomo. Weka peremende humo, ukitaka kujibu ikuzuie.” Nilimdharau. Kisha nikaenda kununua, zile kubwa za plamu chachu.

Ijumaa, 15 Novemba

Naandika kabla hata ya kula.

Walimu kumi na saba nyuma ya darasa. Mwalimu Amano, mama mfupi mwenye koti la kijani, mbele yao. Peremende shavuni. Kadi ya kwanza, sawa. Kadi ya pili, sawa. Chihaya akasimama, akasema thelathini kwa sauti ya kupendeza. Nikachekea tumboni. Kadi ya tatu ilisema: Nani ana wazo jingine?

Lakini Chihaya hakukaa. Alitoa kwenye dawati vijiti vinne vya kulia chakula, viwili kavikata vifupi, vimefungwa pembeni kwa vimpira. Akaviinua vikiwa mstatili. “Hivi ni thelathini, sawa?” Akavisukuma taratibu vikalala, vikazidi kulala, mpaka vikakaribia kubanana. “Vijiti ni vilevile, sita na tano. Sasa ile thelathini imeenda wapi?”

Hilo halikuwa kwenye kadi yoyote! Nikavuta pumzi ili nijibu, na peremende ikaniteleza kooni ikakwama. Siwezi kusema. Siwezi kukohoa mbele ya mkoa. Nilisimama nimeshika ubao, machozi yakinilengalenga, nikimtazama Chihaya.

Darasa likanyamaza. Kisha likalipuka. Mmoja akasema eneo limetoka kwa pembeni. Mwingine akasema eneo si maji. Nanase alisahau zamu yake kabisa, akaomba vijiti avishike. Halafu Ibuki akasimama. Ibuki! Akasema kwa sauti ndogo kwamba pande hazijapungua, kilichopungua ni urefu wa kwenda juu, kwa hiyo huo ndio wa kuzidisha, si upande. Watoto wakasema aaa, wote pamoja.

Peremende ikashuka. Naandika hapa kwa sababu hakuna anayesoma: nilifurahi kuliko watoto wenyewe. Na bado sikuwa nimesema kitu.

Kikaoni Hatakeyama alisoma daftari lake. Kimya cha mwalimu darasani: sekunde arobaini na tatu. Akasema hakutegemea kukiona kutoka kwangu, na kwamba yeye mwenyewe hajawahi kuthubutu zaidi ya ishirini. Akanisogezea glasi ya maji. Mwalimu Amano akasema kimya kile kilikuwa swali bora kuliko yote ya leo. Nikainamisha kichwa kwa unyenyekevu.

Ndipo Mwalimu Mkuu akafungua madaftari ambamo watoto huandika walichojifunza, akasoma la Chihaya kwa sauti: “Juzi mwalimu alinipa zamu ya kukosea. Sikupenda kukosea bure, nikatengeneza vijiti nilitafute kosa langu. Leo ilikuwa tamu kuliko jana, kwa sababu jana wote tulikuwa tunajua.”

Chumba kizima kikanigeukia. Mwalimu Amano akaniuliza kwa nini nilifanya vile. Kisha akasubiri. Sijawahi kusubiriwa hivyo maishani. Mwishowe nikasema niliogopa watoto hawatajibu. Akauliza, “Na leo wamejibu?” Nikasema wamejibu. “Kwa kadi ipi?” Nikaanza kuzipekua kadi zangu. Akaanza kucheka yeye, wakafuata wote, na Hatakeyama akafuta macho kwa leso.

Hukumu: Februari ni yangu. Na sungura ni wangu pia, kuanzia Jumatatu, mpaka nitakapojifunza kusubiri.

Jumatatu, 18 Novemba

Banda limefagiliwa. Sungura watatu, wote wanene.

Nimeielewa siri ya Ijumaa barabara, na mpango wa Februari umekamilika. Dakika ya kumi na saba Chihaya atanishangaza kwa ghafla, nimempa tarehe. Ibuki atasimama bila kutegemewa, upande wa dirishani. Watoto wote watasema aaa, na tumeshaanza kuifanyia mazoezi. Kimya changu nitakipima kwa saa, sekunde hamsini, ili nimpite Hatakeyama mbali. Peremende nimenunua pakiti nne.

Jioni nilijaribu kimya chenyewe bandani. Nilimwonyesha sungura mweupe karoti mbili, nikamuuliza ipi ndefu zaidi, na kwa nini anafikiri hivyo. Nikasubiri. Akanitazama.

Sekunde ya tatu nikamwambia jibu.