Ombi la Kurudishiwa Kinu, Mgono na Bibi

Hope Buya,
Kidato cha Tatu,
Nyumba ya pili kutoka kwako,
Garsen.

16 Novemba 1999

Kwa Mwenyekiti,
Kamati ya Sherehe za Historia na Utamaduni wa Mtu Mweusi,
Ukumbi wa Ghala la Zamani,
Garsen.

Kwako Mwenyekiti, ambaye pia ni Mjomba Enos,

KUH: KURUDISHIWA KINU, MGONO NA BIBI

Ningeuliza hali yako, lakini nimekuona asubuhi hii ukipiga mswaki nje ya nyumba yako na ulionekana mzima. Ningeweza pia kuvuka ua nikakuambia haya kwa mdomo. Tatizo unalijua, mjomba. Nikisimama mbele ya watu maneno hunikimbia, na hata mwalimu akiniita jina darasani mimi huinua mkono tu ili aone kwamba nipo. Kwenye karatasi mimi si mbaya sana. Ndiyo maana nimekuandikia rasmi, na barua nimempa Griffin ailete, kwa kuwa yeye ni mwanao na pia ni mlinzi wa mlango wa ukumbi.

Kwanza niseme yaliyo mema, nisije nikaonekana mpinzani wa watu weusi. Februari, yule mhubiri mweusi kutoka Amerika alipotueleza kwamba kwao mwezi huo ni wa kukumbuka historia yao, na wewe ukaamua na sisi tujaribu, nilifurahi kuliko nilivyoonyesha. Nilisoma kila karatasi iliyobandikwa ukutani. Nilisoma habari za waliotoroka utumwani, za waliovumbua vitu, za walioandika vitabu, nikarudi nikazisoma tena. Kisha nikaona na sisi wa Mto Tana tumewekewa meza yetu, Wapokomo upande huu na Waorma upande ule, na abiria wanaosubiri msafara wa polisi wa kulinda mabasi ya Lamu wakaingia kututazama badala ya kukaa juani wakilalamika.

Siku ya mwisho ya mwezi ulipanda juu ya benchi ukatangaza: "Wenzetu wa Amerika wana mwezi mmoja. Sisi je, ni weusi mwezi gani? Sisi ni weusi mwaka mzima. Basi ukumbi haufungwi." Watu walipiga makofi. Mimi pia nilipiga. Sikutambua wakati huo kwamba ukumbi usipofungwa, vitu tulivyoazimisha havirudi nyumbani. Malalamiko yangu ni haya:

1. Kinu. Kinu chetu kilitoka nyumbani kikiwa bado na pumba ndani. Sasa kimesimama juu ya meza na kadi isemayo: "KINU. Kilitumiwa na mababu kutwangia mpunga." Mwenyekiti, kilitumiwa na mimi. Mama alipofika na mpunga wake, Griffin alimzuia mlangoni akamwambia, "Shangazi, vitu vya historia haviguswi." Mama akamwambia, "Griffin, uji wako wa kwanza ulitoka humu. Sogea." Griffin hakusogea, kwa sababu ulimpa kofia.

Baadaye kamati yako ikatuhurumia, ikaamua kwamba tunaweza kutwanga Jumanne na Ijumaa jioni, kwa sharti kwamba kazi hiyo iitwe maonyesho ya vitendo na wageni waruhusiwe kutazama. Aliyechaguliwa kutwanga ni mimi, nikitoka shuleni, nikiwa na sare. Nimetwanga mbele ya watu wa Malindi, mbele ya askari wa msafara, mbele ya mwalimu wangu wa hesabu. Ijumaa moja mama mmoja wa Lamu, mwenye buibui, alinitazama kwa muda mrefu kisha akasema, "Mwanangu, huo mchi waushika kama kalamu." Ukumbi wote ukacheka. Akaninyang'anya mchi akatwanga mwenyewe mpaka mpunga ukaisha, na Griffin hakumwambia neno. Nilipomuuliza kwa nini, alijibu, "Yule ni mgeni." Kwa hiyo nimejifunza kwamba mtu akitaka kutumia kinu cha nyumbani kwetu, afadhali awe ametoka Lamu.

2. Mgono wa samaki. Mtego huu Baba aliusuka mwaka jana, mafuriko ya El Niño yalipopungua, na mimi ndiye niliyekuwa nikimshikia fito. Kadi yake inasema: "MGONO WA KALE. Karne ya kumi na tisa." Baba alikuja kuutazama. Alisoma kadi polepole, akaisoma tena, kisha akaniuliza kwa sauti ya chini, "Hope, mimi nina miaka mingapi?" Jioni hiyo hakula vizuri. Wala hakukuwa na cha kula, kwa sababu kambare wako mtoni na mgono uko mjini. Siku hizi tunanunua samaki wa mkebe dukani kwa Tahir. Mara ya kwanza Tahir alimtazama Mama, akatazama mkebe, akauliza kama mto umekauka.

3. Jirani zetu. Hili si la nyumbani kwetu, lakini wenyewe wameniomba niliandike kwa kuwa nina mwandiko. Mzee Halake, anayepitisha ng'ombe wake hapa kila siku kuwapeleka maji, aliazimisha fimbo yake ya kuchungia kwa mwezi mmoja. Tangu Machi anachunga kwa kipande cha bomba la maji. Ameniambia niandike maneno yake kama yalivyo, nami nayaandika: "Ng'ombe yangu ilikuwa inaheshimu mimi. Sasa inaona bomba, inacheka." Aliomba arudishiwe fimbo siku moja tu. Kamati ikakubali kwa sharti kwamba mlinzi aandamane nayo. Griffin alishinda machungani na kofia yake, akibeba kadi ya fimbo mkononi, na jioni akarudi na kupe.

Mkewe, Mama Gumato, aliazimisha chombo chake cha maziwa kilichosukwa, kile kinachofukizwa moshi ndani. Maziwa sasa anayaleta kwenye mtungi uliokuwa wa mafuta ya kupikia. Chai ya mtaa mzima imebadilika. Watu wamekunywa kwa adabu na hawajasema kitu, lakini mjomba, hata wewe nimekuona ukimwaga.

4. Mikeka, ungo, vigoda na vibuyu. Vyote viko kwenu. Nyumbani kumebaki beseni jekundu, jagi la plastiki na kreti za soda tunazokalia. Juzi abiria wawili walielekezwa kwetu waone maisha yenyewe ya watu wa mto. Walisimama mlangoni, wakatazama kreti, wakaomba msamaha, wakasema wamepotea njia. Garsen nzima inajua tunavyoishi isipokuwa sisi.

5. Bibi. Mwezi wa Julai ulikuja nyumbani ukasema mkeka ukikaa peke yake hauna uhai, ukamwomba mama yako akaukalie nusu saa akisuka ukili. Nusu saa hiyo haijaisha. Bibi Sarah huondoka asubuhi pamoja na sisi wanafunzi, naye ana mkoba kama sisi. Hukaa nyuma ya kamba kuanzia saa tatu hadi saa kumi, Jumatatu mpaka Jumamosi, akisuka na kuwasimulia abiria maisha ya zamani. Akirudi hula kimya akalala.

Mwenyekiti, hoja nne za kwanza nimeziandika kwa sababu tulifundishwa kwamba barua rasmi haipendezi ikiwa na hoja moja. Hoja yenyewe ni hii. Mimi sina watu wengi wa kuzungumza nao. Nina vitabu, na nilikuwa na Bibi. Jioni tukichambua mchele yeye alisimulia na mimi nikauliza, kisha mimi nikasimulia na yeye akauliza, na mbele yake sikuwahi kutafuta neno nikalikosa. Mwezi uliopita nilimwambia, "Bibi, endelea na ile ya mwaka mto ulipohama." Akanijibu akiwa amefumba macho, "Mjukuu wangu, hiyo leo nimeisema mara tatu. Njoo kesho, tunafungua saa tatu."

Nilikwenda, Jumamosi. Nilisimama nyuma ya kamba pamoja na wengine. Alipofika pale ambapo mto unaingia shambani kwa baba yake, nilitaka kumuuliza kitu, lakini kulikuwa na watu. Bwana mmoja aliyekuwa akila mahindi ya kuchoma akauliza kama mkeka unauzwa, na mimi nikarudi nyumbani na swali langu.

Kwa sababu hizo, naomba kwa heshima kamati ifikirie yafuatayo. Watu weusi wasifiwe Februari peke yake, kama wanavyofanya wenzetu walioanza. Miezi kumi na mmoja inayobaki waachiwe vitu vyao wavitumie. Ikiwa Februari nzima ni nyingi kwa familia zenye kinu kimoja, sherehe zifanywe tarehe 29 Februari. Tarehe hiyo huja kila baada ya miaka minne, na kwa bahati mwaka ujao inakuja, kwa hiyo hutasubiri sana. Katikati hapo tutakuwa na nafasi ya kutosha ya kutengeneza historia nyingine ya kuonyesha.

Kama hilo pia haliwezekani, basi naomba kwa niaba ya familia yangu turuhusiwe kuhamia ukumbini. Mama atakaa penye kinu, Baba penye mgono, mimi nitalala chini ya meza, upande wa Waorma, kuna nafasi, nimepima. Mzee Halake amesema naye atakuja, ila ng'ombe hawezi kuwaacha, na mlango wa ghala ni mpana. Tutaishi kama kawaida, na kadi zenu zitakuwa za kweli kwa mara ya kwanza. Abiria wa msafara wakitaka mahali pa kupumzika watumie nyumba yetu iliyobaki wazi, yenye kreti. Nimemweleza Baba mpango huu. Hakukubali wala hakukataa. Aliuliza tu kama ukumbi una choo.

Msalimie mkaza mjomba, na umwambie sufuria aliyotuazima bado tunaihitaji kwa sababu zinazoeleweka. Wasalimie wanakamati wote, kila mmoja kwa cheo chake. Msalimie Griffin, ambaye sasa hivi ameishika barua hii na nadhani ameshaisoma. Wasalimie ng'ombe wa Mzee Halake wakipita kwako kabla hawajapita kwetu. Na ukimkuta Bibi ukumbini, mwambie chakula chake nimekifunika kwa beseni.

Ninayekuheshimu ndani ya ukumbi na nje yake,

Hope Buya.

Nyongeza: Mjomba, kabla sijampa Griffin barua hii nilimsomea Bibi, nikitaka aweke dole gumba chini ya jina langu ili iwe na uzito. Aliisikiliza yote bila kuniingilia. Kisha akacheka mpaka akaweka ukili chini.

Amenieleza kwamba mwisho wa Februari wewe ulikuwa umeshaleta mkokoteni wa kurudishia vitu, na yeye ndiye aliyekukataza. "Nilimwambia Enos, ukifunga mlango huu nitalala nje yake mpaka uufungue." Kumbe hata yale maneno ya weusi wa mwaka mzima ni yake, wewe ulipanda benchi tu kwa sababu una sauti. Na hiyo nusu saa ya Julai hukuiomba wewe, aliiomba yeye.

Nikamuuliza kwa nini. Akasema, "Nimezaliwa Golbanti, nimezeekea Garsen. Watu wote waliopita njia hii maisha yangu yote walikuwa na swali moja: basi la Lamu linaondoka saa ngapi? Sasa wananiuliza mimi nilikuwa nani. Kuna mmoja aliliacha basi lake likaenda na msafara, akalala Garsen, ili asikie mto uliishia wapi. Unataka nirudi nyumbani kuchambua mchele?"

Nikamuuliza tu, na mimi je? Akanitazama kama mtu aliyeulizwa jambo lililo wazi. "Si shule inafungwa Ijumaa? Nani amekukataza kuja ndani ya kamba?"

Kwa hiyo naomba malalamiko yote, la kwanza hadi la tano, yahesabiwe kuwa hayakuandikwa, isipokuwa la fimbo ya Mzee Halake, ambalo ni haki yake. Badala yake naomba nafasi ya kukaa ukumbini likizo yote ya Desemba, na kuanzia Januari siku za Jumamosi, mpaka mwaka huo nao uishe na mwingine uanze. Sitahitaji kadi wala kiti. Naomba tu niwekwe upande wa kushoto wa Bibi, kwa sababu sikio lake la kulia limechoka, na sauti yangu ni ndogo.