Chujio Langu la Barua Pepe

Jumatatu, 3 Machi
Bosi ametangaza! Atakayesafisha orodha ya barua pepe za wanafunzi wetu wa udereva kufikia Ijumaa ndiye mkuu wa kitengo cha kompyuta. Kitengo kina watu wawili, mimi na mwenzangu tunayemwita Miwani. Kile kiti cha mkuu, cha kuzunguka, chenye magurudumu, nimekitamani miaka minne. Nusu ya barua zetu zinarudi. Mtu kaulizwa anwani, kaandika "sina". Mwingine, "ile ile". Miwani anasema tuhakikishe kuna @ tu, kisha tumtumie mtu barua yenye kiungo; akikibofya, tunajua anwani inafanya kazi. Uvivu mtupu. Mimi natunga chujio, programu ya kukataa anwani mbovu.

Jumanne, 4 Machi
Chujio limeanza kazi. Herufi, tarakimu, nukta, @, basi! Siku za kawaida hujisajili watu sitini. Leo tisa. Ubora huo! Dada wa mapokezi kaja amefura, simu haipumui, kuna mama ana alama ya kujumlisha kwenye anwani yake na chujio linamkataa. Nikamwambia hiyo si anwani, ni hesabu. Akasema nikamweleze mwenyewe. Miwani kakohoa. Kikohozi cha wivu, nakijua.

Jumatano, 5 Machi
Balaa. Shemeji, mume wa bosi, ameshindwa mtihani wa udereva mara sita na bado anarudi. Ndiyo maana mtaa mzima unamwita King'ang'anizi, na ndivyo alivyoandika anwani yake, na vile vialama viwili vya juu. Chujio likamtimua. Bosi kaniita. Nikajitetea kwamba vialama vile ni uchafu tu. Akanipa kalamu, akasema niandike ng'ombe bila uchafu. Nikaandika. Akaniamuru nisome nilichoandika, kwa sauti. Nikasoma. Ofisi nzima ikacheka, hata mlinzi dirishani. Nimeumia, sikatai.

Alhamisi, 6 Machi
Nimesoma kanuni rasmi za anwani, mwanzo mwisho. Kumbe kialama cha juu ruksa! Alama ya mshangao ruksa! Hata nafasi ni ruksa, mradi uifunge ndani ya alama za kunukuu. Basi nimeruhusu kila kinachoruhusiwa. Nani atanilaumu? Shemeji kaingia. Nikajaza upya fomu yangu ya mfanyakazi, kwa mbwembwe, mbele ya Miwani. Naye akajisajili kama mwanafunzi, kwa anwani inayoanza na "kiti ni changu", pamoja na nafasi zake. Chujio likampongeza. Akasema kanuni inaikubali, lakini hakuna kampuni ya barua itakayompa mtu anwani ile. Na anwani kuandikwa sawasawa hakumaanishi kwamba ina mwenyewe. Mfa maji haachi kutapatapa.

Ijumaa, 7 Machi
Bosi kamaliza ubishi. Katutumia barua sote wawili, kwa anwani zilizo kwenye fomu zetu: wa kwanza kujibu achukue kiti. Nikakodolea kompyuta macho hadi saa sita. Kimya! Miwani alijibu ndani ya dakika mbili, sasa anazunguka kitini. Barua aliyonitumia ilimrudia bosi. Kwenye fomu nilikosea herufi moja ya jina langu ndani ya anwani. Nimeipitisha anwani hiyo kwenye chujio mara tatu. Halali, halali, halali! Chujio liko sawa. Kosa ni la dunia, kukosa mtu mwenye anwani hiyo. Nimelia kidogo chooni.

Jumamosi, 8 Machi
Mkuu wa kitengo (mkono unakataa kuandika) amelifuta chujio langu. Kabakiza @ na kiungo. Tangu hapo hakuna barua iliyopotea. Bahati tu. Kanipa kazi ndogo ya kuniliwaza, kisanduku cha majina kwenye fomu. Ndogo! Nimeshatunga kanuni: majina matatu, kila moja herufi tano au zaidi, vialama marufuku. Nikajaribu na jina langu mwenyewe. Limekataliwa. Jumatatu asubuhi nakwenda kwa wakili kulibadilisha.