Nahodha wa Malangali

Jumatatu, 4 Machi 1974
Jumamosi Land Rover ya Elimu ya Watu Wazima inakwenda Kipili, kando ya ziwa. Nafasi imebaki moja! Mama Marsiana, mwenyekiti wa darasa letu la Malangali, kasema atakayetoa hotuba nzuri Ijumaa ndiye atakayepanda, akawahutubie wavuvi. Mimi Isakwisa, karani kutoka Mbozi, miaka thelathini na minne, sijaona ziwa. Naliota tu. Maji yasiyo na ng'ambo. Mshindani ni Mwalimu Oswaldi, na hotuba yake ni ya choo cha shimo. Maskini! Nafasi ni yangu.

Jumatano, 6 Machi
Nimeazima kamusi kwa padri. Nitaeleza neno "nahodha", mkuu wa chombo, anayewaamuru mabaharia wote. Limetoka Uajemi, likavuka bahari na wafanyabiashara: "nav" ni chombo, "khuda" ni bwana. Bwana wa chombo! Ofisini nilifumba macho, nikasikia mawimbi. Mkuu wangu kauliza kama naumwa.

Ijumaa, 8 Machi
Aibu! Nilianza vizuri, hata bibi Josefina wa darasa letu aliacha kusinzia. Nikapaza sauti: nahodha ni bwana, na bwana hashiki kasia! Oswaldi akanyoosha mkono, akauliza kwa upole kama Ndugu Isakwisa anataka mabwana warudi, ilhali siku hizi sote ni ndugu. Nikajibu kwamba chombo bila bwana huzama. Mdomo uliponza kichwa. Mama Marsiana kaniamuru kesho niende shamba la ujamaa, nikajifunze undugu.

Jumamosi, 9 Machi
Oswaldi kapanda mbele, kando ya dereva. Mimi jembe. Kutwa tumefukia nyasi kwenye ntumba, yale matuta ya mviringo ya Wafipa. Nilipoinua kichwa, yalikuwa yamejaa uwanda mzima, safu kwa safu, hadi kwenye ukungu. Kama mawimbi. Machozi yakanitoka. Josefina akasema nisimame baadaye, sasa nilime.

Jumanne, 12 Machi
Oswaldi karudi. Kaniletea chupa ya maji ya ziwa. Nilimchukia, kisha nikamshukuru. Nimeiweka dirishani. Ukiiinamisha ina wimbi dogo.
Juni kuna safari nyingine. Mama Marsiana kanisamehe, ila nitafute neno lisilo na bwana. Nimeshalipata! Serahangi, msimamizi wa mabaharia. Uajemi tena. Maana yake ya asili ni mnyapara. Bwana hayumo hata kidogo. Nafasi ni yangu.